Bugondo na Mikono Aliyopitia

Kitendawili. Nimesikia mmesema tega, basi natega: ninaye mchungaji hana fimbo, hatoi sauti, anachunga kwa macho tu, na kundi lote linamtii.

Mwezi na nyota zake? Siyo, ingawa aliyejibu hivyo ana akili. Mchungaji wa kanisa letu? Yule sauti anayo, tena mnaijua inavyofika mpaka nje. Mmeshindwa, basi nipeni mji. Mmenipa Louisville? Haya. Nimekwenda Louisville, nimekaa, nimekula vya huko, nimerudi na jibu: ni mbwa. Siyo mbwa yeyote, ni yule wa kuchunga wanayemwita koli. Na kwa kuwa mji mmenipa wenyewe, kaeni vizuri niwasimulie yaliyopata nyumba moja ya huko, mwaka wa elfu mbili na kumi na tano kuingia wa kumi na sita. Wazazi ndio wafungue masikio kwanza.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Nkusi, mtu wetu wa milima ya Kivu ya Kusini, aliyefanya kazi katika ghala kubwa la kupakia mizigo. Mkewe Nyirarukundo alihudumia wazee katika nyumba ya kulelea. Mtoto wao aliyebaki nyumbani ni Isaro, msichana wa miaka kumi na minne, ambaye ndiye alikuwa mdomo wa baba yake: daktari akisema, Isaro anatafsiri, barua ikija, Isaro anasoma. Jumapili wakitoka ibadani walikula bugali na sombe ya majani ya muhogo, Nyirarukundo akavua viatu, Isaro akaimba wimbo wa kwaya huku anaosha vyombo, na Nkusi akakaa dirishani akitazama nyasi za watu. Nyasi nzuri namna ile, na hakuna hata ng'ombe mmoja wa kuzila. Hilo alilisema kila Jumapili, na kila Jumapili mkewe alimjibu kwamba hapa nyasi ni za kukatwa kwa mashine, anyamaze anywe chai.

Isaro ndiye aliyeleta habari ya mbwa. Mwalimu wake alikuwa katika kikundi cha watu wanaookoa mbwa wa aina moja tu, koli. Watu hununua koli kwa sababu ya uzuri wake, halafu wanashindwa naye, kwa maana koli asiye na kazi ni kama kijana asiye na kazi, anabomoa nyumba. Kikundi kinawachukua hao waliotupwa, kinawaweka kwa wanachama, mpaka kila mmoja apate mtu wake. Nkusi alicheka. Kwao mlimani mbwa analala nje na kula mabaki, na hakuna mtu aliyewahi kumtafutia mbwa mlezi. Lakini Isaro alikuwa mtoto wake wa mwisho, akamburuta hadi huko.

Aliyewapokea alikuwa mama wa makamo jina lake Doroti, mwenye shamba dogo nje ya mji na kondoo wachache. Alifungua banda, akatoka mbwa mweusi mwenye mabaka meupe, mwembamba, macho kama maji ya kisima. Doroti akaonyesha kwa mkono. Mbwa akaondoka mbio, lakini mbio za chini chini, tumbo likigusa nyasi, akazunguka mbali kabisa nyuma ya kondoo. Hakubweka. Aliwatazama tu. Na kondoo waliokuwa wametawanyika wakaanza kusogeleana, mmoja, mwingine, kama mtu anayekunja nguo, mpaka wakawa kitu kimoja kinachotembea kuelekea lango.

Nkusi alivua kofia. Hakujua kwamba ameivua. Vidole vikaenda mdomoni vyenyewe, akapiga mluzi ule mrefu wa kwao wa kusimamisha ng'ombe wakifika mtoni, mluzi ambao hakuupiga tangu siku walipokimbia. Mbwa akalala chini pale pale, kichwa kimegeukia kwake, akingoja neno.

Ndugu zangu, wapo watu waliokaa nchi hii miaka na hakuna kitu kilichowaelewa. Nkusi alieleweka na mbwa, mara ya kwanza, bila mkalimani. Machozi yalimtoka mbele ya binti yake, akasema jua ni kali.

Doroti alifika nyumbani kwao kuangalia watakavyoishi. Akauliza mbwa atalala wapi, Nkusi akamwonyesha. Akauliza nani atamkimbiza uwanjani kila siku, Nkusi akajipiga kifua. Kisha akauliza, "Na ukishindwa, utafanya nini?"

Isaro akatafsiri. Nkusi akamtazama yule mama kama mtu aliyemtukana. Mnajua sisi tunavyopeana ng'ombe. Mtu anapopewa ng'ombe anasimama, anamsifu aliyempa, anamsifu ng'ombe na mama yake ng'ombe. Hakuna anayemwuliza mwanaume siku hiyo kama atashindwa. Ni kumwombea mabaya.

"Baba, anangoja," Isaro akasema.

"Mwambie sisi ni wafugaji," alisema Nkusi, akaenda kushika kamba.

Isaro aliona haya. Alitaka sana yule mbwa. Akamgeukia Doroti, akamwambia kwamba baba anasema hatashindwa. Doroti akasema kwamba kwao kushindwa siyo kosa, kosa ni kumpa mtu mwingine mbwa bila kuwaambia. Siku yoyote, mwaka wowote, wapige simu tu, watamfuata. Hilo nalo Isaro alilitafsiri, lakini baba yake alikuwa ameshapiga magoti anamwita mbwa kwa jina jipya, Bugondo, jina la ng'ombe mwenye madoa.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya raha. Nkusi alitoka kazini anakimbia. Uwanjani watu walisimama kumwangalia akipiga miluzi na Bugondo akikusanya mabata bukini kando ya bwawa, bila kuwagusa hata unyoya. Ugonjwa wake wa mgongo ukapungua. Akaanza kumsimulia Isaro majina ya ng'ombe wa babu yake, jambo alilokataa siku zote.

Halafu ikaja ovataimu.

Mnaijua. Inakuja kabla ya Krismasi, inakuja tena baada yake, na mwenye kuionja haachi. Nkusi hakuwa na njaa. Friji ilikuwa na chakula na kodi ilikuwa inalipwa. Lakini pale kanisani watu wawili walikuwa wameleta magari mapya marefu, naye akaona lake limekuwa dogo. Akachukua zamu ya pili, akachukua na Jumapili. Alimwona Bugondo akiwa usingizini tu, na Bugondo naye alimwona Nkusi akiwa usingizini tu. Isaro alimtoa nje jioni kidogo, lakini koli siyo mbwa wa kuzungushwa nyumba. Bugondo akaanza kukwaruza mlango mpaka mbao ikaonekana, halafu akaanza kulia. Majirani wakalalamika. Ofisi ya nyumba za kupanga ikamwita Nkusi ikamwambia: mbwa anyamaze au ninyi nyote mtoke.

Nyirarukundo alimwambia mumewe ampigie simu Doroti.

"Nimpigie niseme nini?" akajibu Nkusi. "Mimi, mtoto wa wafugaji, nimeshindwa na mbwa?"

"Ndiyo. Sema hivyo hivyo. Maneno hayavunji meno."

Hakupiga. Wiki ile ile kulikuwa na harusi, na kaka mdogo wa Nyirarukundo, Manassé, alikuja kutoka Columbus. Ana nyumba ya kupanga mtaa wa Linden, yenye ua nyuma. Nkusi akaona mlango umefunguka. Akasimama mbele ya shemeji yake, akamsifu Bugondo kwa maneno yote ya ng'ombe, akamkabidhi kamba. Watu wa harusini wakapiga makofi. Ilipendeza, ndiyo, sikatai.

Ila hapa ndipo nawaomba mnisikilize. Sheria ya ng'ombe wa kupewa mnaijua kama mimi. Ukitaka kumpitisha kwa mwingine, kwanza unarudi kwa aliyekupa, unamwambia. Usipomwambia umevunja undugu. Nkusi aliijua sheria hiyo tangu anyonye. Akajiambia kwamba huyu ni mbwa tu, na yule ni mama wa kizungu tu.

Isaro alirudi kutoka shule akakuta bakuli la Bugondo limeoshwa na kugeuzwa juu ya rafu. Hakulia. Baada ya siku chache simu ya Doroti ikalia, kama alivyozoea kupiga kila mwezi kumsalimia mbwa. Nkusi akamwambia binti yake ajibu kwamba mbwa mzima.

Isaro akamnyooshea simu. "Sema mwenyewe, baba. Mimi nilishadanganya mara moja kwa ajili yako. Sitarudia."

Nkusi akaichukua, akasema neno la Kiingereza alilolijua, kwamba ni mzuri, mzuri sana, akakata. Tangu siku hiyo Isaro aliacha kumtafsiria. Hakumtukana wala hakumfokea. Alimpa salamu asubuhi na jioni, akala chakula chake chumbani. Nkusi alikwenda hospitali peke yake kwa ajili ya mgongo uliokuwa umerudi, akaitikia kila alichoulizwa, akarudi amepewa dawa ya masikio. Mkewe alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaacha kucheka, kwa sababu aliona mumewe hacheki. Nyumba ile ilikuwa na gari refu mlangoni na haikuwa na sauti ndani.

Mwezi wa pili, theluji ikiwa imefunga barabara, Nkusi alimpigia shemeji yake kumsalimia. Akauliza habari za Bugondo. Manassé akakohoa.

"Bon, shemeji. Bugondo alienda Buffalo."

Alikuwa amefukua ua wa mwenye nyumba, na kila jioni alikuwa akiwakusanya watoto wa jirani kwenye kona moja asiwaruhusu kutoka, na mama zao wakaja juu. Ndipo akatokea Aloisi, mwimbaji mwenzao wa kwaya ya zamani, aliyepitia Columbus akirudi kwake Buffalo. Manassé akamsifu Bugondo kwa maneno yale yale ya harusini, akamkabidhi kamba.

"Bila kuniambia?" Nkusi aliuliza.

"Donc na wewe ulimwambia nani?" akasema Manassé.

Nkusi akakata simu. Akapiga Buffalo. Aloisi alipokea akiwa amechoka, mashine za kiwandani zikinguruma nyuma yake. Akasema, "Ile mbwa yenu haitaki chakula. Nimeiweka chini kwenye besimenti, inatazama ukuta tu. Mimi ni zamu mbili, ndugu yangu. Kesho nikitoka kazi nitaifungulia mlango iende. Hapa watu wanapenda mbwa, mmoja ataiokota."

Nkusi akamwuliza nje kukoje. Aloisi akasema theluji inafika magotini na bado inaanguka. Nkusi akamsihi angoje. Aloisi hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka tu. Akamwambia basi njoo umchukue, wewe ndiye mwenye mbwa. Na Nkusi alijua hawezi kufika. Barabara za kule zilikuwa zinafungwa, na hata zikifunguliwa ni safari ya siku nzima kwa mtu asiyejua theluji ya Buffalo.

Akaja kukaa mezani. Isaro alikuwa upande wa pili anafanya hesabu za shule, masikio wazi. Mwishowe Nkusi alimsukumia simu.

"Mpigie Doroti."

Isaro hakuinua kalamu. "Ukisema kweli nitatafsiri yote. Ukidanganya, nakata."

Nkusi akasema. Alisema ovataimu, akasema mlango uliokwaruzwa, harusi, Linden, Buffalo, besimenti. Kila alipotaka kupunguza makali Isaro alimtazama, naye akarudisha makali mahali pake. Akamaliza. Alingoja kutukanwa. Alikuwa tayari, alikuwa ameinamisha kichwa kabisa.

Doroti akauliza, "Yuko nyumba gani?"

Ni hilo tu. Isaro akatoa anwani.

Sasa sikieni ajabu ambayo Nkusi anaisimulia mpaka leo. Kabla Aloisi hajatoka zamu yake, kuna mtu alikuwa amesimama mlangoni kwake Buffalo, mwalimu wa shule ya chekechea, buti hadi magotini na blanketi mkononi. Aloisi akampa kamba akidhani ni polisi. Theluji ilipotulia na barabara kufunguliwa, yule mwalimu akamwendesha Bugondo mpaka Erie. Pale akangojwa na fundi wa malori, akamchukua mpaka Cleveland. Pale akangojwa na bibi mmoja mwenye fimbo ya kutembelea, aliyekuwa amekunja kiti cha nyuma ili mbwa alale. Watu hawa hawajuani. Hawajawahi kula meza moja. Kikundi kilitoa neno kwamba koli amekwama, na kila mmoja akasema, kipande hiki cha barabara ni changu.

Nkusi alimwomba Isaro aulize wanalipwa na nani. Doroti alicheka kidogo, akasema hakuna. Nkusi akasema aulizwe tena: kipande cha mwisho, kutoka Columbus kuja Louisville, ni cha nani? Doroti akasema bado hakina mtu.

Nkusi akasema hicho ni chake, akaacha ovataimu ya siku ile. Bosi alinuna. Nkusi na Isaro wakaendesha mpaka Reynoldsburg, pembeni ya Columbus, kwenye kiegesho cha duka kubwa, na Manassé naye akaja, amesimama kando kama mtoto aliyevunja chungu. Gari dogo la zamani likaingia polepole. Yule bibi wa fimbo akateremka, akafungua mlango wa nyuma, na Bugondo akashuka, mbavu zinahesabika, mkia chini.

Bibi akamwekea Nkusi kamba kiganjani na kumfunga vidole juu yake, kama mtu anayempa mtoto sarafu ya sadaka. Akamwambia kwamba njiani amekula kidogo, na anapenda kutazama nje dirishani. Hakuuliza wewe ni nani, wala hakuuliza ni nani aliyemtesa. Akarudi ndani ya gari lake, akaondoka.

Manassé akavua kofia. "Shemeji," alisema polepole, "hawa ni watu gani?"

Nkusi alilifuata lile gari kwa macho. Alikuwa anakumbuka njia nyingine, ya zamani, yeye na mkewe, Isaro akiwa mchanga mgongoni mwa mama yake, na watu wasiowajua waliotoka mashambani kuwapa maji na viazi, kila kijiji kikiwasukuma mpaka kijiji kinachofuata. Hakuwahi kujua majina yao. Alidhani watu wa namna hiyo waliishia kule. Akapiga magoti kwenye lami yenye matope ya theluji, na Bugondo akaja, akaweka kichwa begani pake. Mzigo wa kichwa kile, alisema baadaye, ulikuwa mzito kuliko kreti lolote la ghalani.

Usiku ule hakumpeleka nyumbani kwake. Alimpeleka kwa aliyempa. Alisimama mlangoni pa Doroti kofia mkononi, akarudisha kamba, akasema samahani kwa Kiingereza chake. Doroti akaipokea. Hakusema si kitu, maana kilikuwa kitu. Alisema asante kwa kumleta. Siku iliyofuata Isaro alileta sahani yake mezani, akakaa karibu na baba yake.

MAFUNZO

Bon, wanangu, mimi sitaki kuwaacha bila kusema wazi.

Ovataimu haishibi. Ukiipa jioni itataka Jumapili, ukiipa Jumapili itataka mgongo. Na kinachopumua nyumbani kwako, kiwe mbwa, mtoto au mama yako mzee, hakiwezi kukungojea mpaka umalize kununua gari.

Lakini lililoniuma zaidi ni hili la kupitishana. Nani kati yetu hajaliona? Kijana akisumbua, apelekwe kwa shangazi Ohio. Shangazi akichoka, apelekwe kwa binamu Buffalo. Mzee akianza kusahau, azungushwe kwa watoto kama sanduku, kila mmoja akisema maneno matamu mlangoni, na hakuna anayemwambia mwenzake ukweli: nimeelemewa. Tunaogopa aibu. Aibu hiyo Bugondo aliilipia katika besimenti, akitazama ukuta, na hakuwa na kosa lolote. Kupokea ni heshima, ndiyo. Kushindwa kunampata kila mtu. Linaloua ni kushindwa kimyakimya. Anayesema mapema hupata watu wa kumshika mkono, na wako wengi kuliko tunavyodhani, hata katika nchi hii, hata wasiojua majina yetu.

Mtaniuliza kama Nkusi alijifunza. Sitamjibia, atajibu mwenyewe.

Majira ya baridi yalipokwisha alikuwa ameacha zamu ya pili, na kila Jumapili baada ya ibada alikwenda na Isaro kwa Doroti kusafisha mabanda na kunywesha kondoo. Hakuomba kitu. Bugondo alinenepa, manyoya yakarudi kung'aa. Siku moja ya mwezi wa tano Doroti alimtoa bandani, akampeleka mpaka alipokuwa Nkusi, akasimama na kamba mkononi bila kuitoa. Akamtazama usoni, akauliza swali lile lile la mwaka uliopita: na ukishindwa, utafanya nini?

Isaro akafungua mdomo kutafsiri. Baba yake akainua mkono, akamzuia. Swali alikuwa amelielewa. Alitafuta maneno yake machache ya Kiingereza, moja moja, jasho likimtoka, na yalipotimia akayasema bila kuinamisha kichwa.

"Nitakupigia simu siku hiyo hiyo. Nitasema, mimi Nkusi, nimeshindwa, njoo unisaidie."